Kufika na Kufikia: Baiskeli, Mgeni na Mwenyeji katika Historia ya Safari za Bonde la Rufiji

1.0 Utangulizi

Msafiri anapoingia katika kijiji cha bonde la Rufiji jua likiwa limeshainama, haichukui muda kabla hajaulizwa: "Umefikia kwa nani?" Swali hili ni fupi, lakini limebeba mtazamo mzima wa Waswahili kuhusu safari. Kitenzi kufika hujitosheleza. Mtu hufika Kibiti, hufika Mohoro, hufika Mbwara, na habari ikaishia hapo. Kitenzi kufikia, katika matumizi haya, hakijitoshelezi. Kiambishi chake cha kutendea kinadai mtu wa pili, kwani mtu hufikia kwa fulani. Asiye na fulani wa kufikia, kwa mantiki ya lugha yenyewe, bado hajaimaliza safari yake hata kama miguu yake imesimama.

Mhadhara huu unaichunguza tofauti hiyo kwa kufuata historia ya chombo kimoja, yaani baiskeli, katika bonde na delta ya Rufiji na katika njia zinazolizunguka eneo hilo. Hoja zinazotetewa ni mbili. Kwanza, baiskeli ilitoka Ulaya, lakini ilipofika pwani ya Afrika Mashariki iliingia katika utaratibu wa kale wa kupokea wageni na kuurefushia maisha. Sababu yake ni nyepesi. Baiskeli huongeza mwendo, lakini haiwezi kuikwepa jioni. Mwenye gari hupita. Mwenye baiskeli, kama alivyokuwa mpagazi wa msafara, hulala njiani, na anayelala njiani hana budi kubisha hodi. Pili, ukarimu huo haukuwa wema usio na masharti. Ulikuwa mapatano ya wazi, yenye hatua, muda na mashahidi. Uwazi huo ulipovunjwa, ukarimu wenyewe ulitikisika, na Rufiji imeyaona hayo kwa uchungu.

2.0 Mwenyeji Kabla ya Baiskeli

Ushahidi wa maandishi kuhusu mgeni na mwenyeji katika pwani hii ni wa zamani. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyeitembelea pwani mwaka 1331, anaeleza desturi aliyoikuta Mogadishu. Jahazi lilipotia nanga, vijana wa mji walilifuata kwa mashua ndogo wakiwa wamebeba sahani za chakula zilizofunikwa. Kila kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja chakula na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara huyo alikaa nyumbani kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemsaidia kuuza na kununua. Biashara iliyofanywa na mgeni pasipo mwenyeji wake kuwapo ilihesabiwa kuwa batili. Kutoka Mogadishu Ibn Battuta aliendelea hadi Kilwa, kusini mwa delta ya Rufiji, ambako alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu hata akaitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji.

La kuzingatiwa katika masimulizi hayo ni kwamba mwenyeji hakuwa mtoaji wa chakula na malazi tu. Alikuwa mdhamini. Alimjulisha mgeni kwa mji, na aliujulisha mji kwa mgeni. Neno lenyewe linathibitisha hayo, kwani mwenyeji ni mwenye mji. Anayempokea mgeni humpokea kwa niaba ya mji mzima, na mgeni akikosa, aibu humrudia aliyempokea.

Neno mgeni nalo lina ukoo mpana. Mzizi wake ni wa Kibantu na unapatikana katika lugha nyingi za eneo hili. Wakikuyu husema mũgeni, Waganda husema omugenyi. Katika Kinyarwanda, umugeni ni bibi harusi, yaani mtu anayetoka kwao na kuingia katika nyumba isiyo yake ili aifanye yake. Kiswahili kiliuchukua mzizi huo wa kale na kuuzungushia maneno yenye asili ya Kiarabu, kama vile karibu, ukarimu, safari na msafiri. Hivyo msamiati wa kumpokea mtu asiyejulikana umejengwa kwa matofali ya bara na ya bahari kwa pamoja. Hilo halishangazi katika lugha iliyokua pale njia za nchi kavu zilipokutana na njia za majini.

Karne ya 19 iliufikisha utaratibu huu mbali zaidi, kwa njia ya misafara. Maandishi ya Waswahili wenyewe kuhusu safari hizo yalikusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1901, na miaka miwili baadaye katika Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Katika kitabu cha kwanza yamo masimulizi ya Selemani bin Mwenye Chande kuhusu safari ya bara. Yamo pia ya Salim bin Abakari, aliyefika hadi Urusi na Siberia na kujionea maana ya kuwa mgeni katika nchi ya baridi. Mwandishi Mswahili wa enzi ile hakuwa mwenyeji tu wa kuelezwa na Wazungu. Yeye naye alikuwa msafiri, mwenye macho ya kupima jinsi anavyopokewa.

Misafara hiyo pia ilistawisha utani. Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, ni watani, na uhusiano wao unahusishwa na njia kuu ya kutoka bara hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Mtani ana haki ya kuingia, kula, kutaniwa na kutania. Akifia ugenini, watani humsimamia maziko. Kwa mtu aliyekuwa safarini miezi mingi, mbali na jamaa zake, hakuna bima iliyozidi hiyo.

3.0 Mwendesha Baiskeli Aliyekwenda kwa Miguu

Mtu wa kwanza kuuzunguka ulimwengu kwa baiskeli alifika katika pwani hii mapema kuliko wengi wanavyodhani, ingawa hakufika akiwa juu ya baiskeli. Thomas Stevens, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, aliondoka San Francisco mwezi Aprili 1884 akipanda baiskeli ya kale yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Alivuka Marekani, Ulaya na Asia, akafika Yokohama, Japani, mwezi Desemba 1886. Safari ile yote aliitegemeza kwa nyumba za watu asiowajua. Mwaka 1889 gazeti la New York World lilimtuma Afrika Mashariki kutafuta habari za Henry Morton Stanley, aliyekuwa bado katika safari ya kumfuata Emin Pasha. Stevens alifika Unguja, akaajiri wapagazi, akaingia bara kwa miguu kama msafiri mwingine yeyote. Safari hiyo aliieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1890.

Tukio hili dogo lina funzo. Njia ya msafara ilikuwa nyembamba, ya mtu mmoja nyuma ya mwingine, iliyopinda kwa kufuata kisima, kivuli na kijiji chenye chakula. Baiskeli ya gurudumu kubwa haikuifaa. Lakini wakati huohuo chombo kipya kilikuwa kinazaliwa Uingereza. Mwaka 1885 John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyolingana, inayoendeshwa kwa mnyororo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la mpira lenye kujazwa upepo. Baiskeli ya aina hiyo haikuhitaji barabara pana. Ilihitaji ukanda wa ardhi unaotosha nyayo za mtu mmoja. Kwa maneno mengine, ilihitaji njia ileile ya msafara.

Kabla gurudumu halijafika Rufiji, Rufiji na jirani zake walikuwa wameshaguswa na baiskeli kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1890 baiskeli ilienea Ulaya na Marekani kwa kasi kubwa, na mahitaji ya mpira yakapanda. Mpira wa msituni, uliokamuliwa kutoka katika mimea itambaayo kama mibungo, ulikuwa miongoni mwa bidhaa muhimu zilizotoka kusini mwa koloni la Wajerumani, katika nchi iliyo nyuma ya Kilwa. Wakusanyaji waliingia msituni, wafanyabiashara wakafuata, na mapato yakalipia kodi. Kabla ya kuipanda baiskeli, watu wa nyanda hizi walikuwa tayari katika soko lililoilisha.

4.0 Mgeni wa Siri: 1904–1905

Utawala wa Kijerumani ulibadili maana ya mtu anayeingia kijijini. Aliyekuja hakuwa tena mfanyabiashara au mtani tu. Aliweza kuwa mtoza kodi, askari, au mjumbe wa akida anayeita watu wakalime shamba la pamba la serikali. Wageni wa namna hiyo hawakubisha hodi, na hawakuwa na mwenyeji wa kuwadhamini.

Katika hali hiyo ndipo Kinjikitile Ngwale alipotokea Ngarambe, katika wilaya ya Rufiji ya leo, mwaka 1904. Watu walimwendea kwa maelfu kutoka Umatumbi, Ukichi na bondeni, wakiifuata nyumba aliyoijenga iliyojulikana kama kijumba-nungu, yaani kijumba cha Mungu, ili wapate maji ya dawa na ujumbe wa umoja. Ujumbe huo ulienezwa kwa kunong'onezana, na Wamatumbi waliuita njwiywila. Mnong'ono huo usingeenea bila vibaraza na viambaza vya watu waliowalaza mahujaji njiani. Maji Maji, kabla ya kuwa vita, ilikuwa safari, na safari haiwezekani bila wenyeji.

Historia ya neno hongo inastahili kutajwa hapa. Katika lugha ya misafara, hongo ilikuwa ada ambayo mgeni alimlipa mtawala ili apite kwa amani katika nchi yake. Katika Maji Maji, hongo alikuwa mjumbe aliyepeleka maji kutoka kijiji hadi kijiji, na ndilo jina la pepo aliyesemekana kumpagaa Kinjikitile. Katika Kiswahili cha leo, hongo ni rushwa. Asili ya maana hizi si lazima iwe moja, lakini kukutana kwake katika umbo moja kunaonyesha jinsi mipaka kati ya mgeni, mlinzi wa njia na mtoaji ilivyokuwa mahali pa mvutano.

Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya mapambano kuanza Umatumbi. Vita viliendelea hadi 1907. Jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Baadhi ya makadirio ya wanahistoria kuhusu vifo vyote hufikia watu 250,000 hadi 300,000. Kwa mtazamo wa mhadhara huu, jambo moja linahitaji kusisitizwa. Usiri wa mwaka 1905 ulikuwa usiri dhidi ya dola, si dhidi ya mwenyeji. Aliyempokea hujaji alimjua alivyo na alijua anakokwenda. Kilichouangusha ukarimu wakati ule kilikuwa njaa, si khiana. Asiye na chakula hawezi kuwa mwenyeji, hata moyo wake ukiwa mweupe.

5.0 Baiskeli Bondeni

Wakati wa utawala wa Waingereza na baada ya uhuru wa mwaka 1961, baiskeli ilikuwa chombo cha mtu wa kawaida aliyejiweza kidogo: karani, mwalimu, mganga wa zahanati, mchuuzi. Majina kama Raleigh, na baadaye Phoenix ya China na Swala, yakawa sehemu ya Kiswahili cha kila siku. Lugha iliipokea baiskeli kama inavyompokea mgeni, kwa kumwachia baadhi ya maneno yake na kumpa mengine ya nyumbani. Tairi, breki, pampu, fremu na spoki ni maneno ya Kiingereza yaliyovikwa sauti za Kiswahili. Mnyororo, kengele na kiraka yalikuwapo tayari. Usukani ulikuwapo pia, ila ulikuwa katika tezi ya jahazi. Watu wa pwani walipoona chuma cha kuelekezea baiskeli, hawakuuliza Waingereza wanakiitaje. Walikiita kwa jina la kile kinachokielekeza chombo baharini.

Bonde la Rufiji halikumrahisishia mwenye baiskeli safari yake. Mto hufurika, na maji yakipungua watu hulima mlau katika tope lililobaki. Msimu wa mpunga, wakulima huhamia madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda shamba dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Huko delta njia ni za maji baina ya mikoko, na wavuvi wageni huweka dago, yaani kambi ya muda, kwa idhini ya wenyeji. Msafiri wa nchi hiyo huendesha pale panapoendesheka, husukuma pale penye mchanga, na huipakia baiskeli katika mtumbwi pale njia inapokatwa na maji. Kubebwa pamoja na baiskeli yake na mvushaji asiyemjua ni sura ya kwanza ya ukarimu anayoonja.

Hatua za kumpokea msafiri wa namna hiyo zinajulikana. Hushuka kwenye baiskeli kabla hajafika penye wazee na kuisukuma, kwani kumpita mzee ukiwa juu ya chombo ni utovu wa adabu. Husimama mbali kidogo na mlango na kupiga hodi. Asipoitikiwa mara tatu, huondoka bila kinyongo. Akikaribishwa, huketi kibarazani, mahali ambapo kila apitaye humwona. Hapo huulizwa kwao, ukoo wake, anakotoka na anakokwenda. Maji ya kunywa huja kabla ya maswali mazito, na chakula huja baada yake. Baiskeli yenyewe huingizwa ndani usiku, na kitendo hicho kina maana. Mali ya mgeni imo katika dhamana ya mwenyeji.

Muda nao una mpaka. Mafundisho ya Uislamu, dini ya wengi katika eneo hili, yanampa mgeni haki ya siku tatu. Methali ya Waswahili husema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wako wanaoiona methali hii kuwa ya ubahili. Usomaji huo ni wa juujuu. Jembe si fukuzo. Anayepewa jembe anapewa nafasi katika kazi ya nyumba, na kwa hiyo anaanza kuacha kuwa mgeni. Methali nyingine, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," inakamilisha maana hiyo kwa upande wa pili, kwamba mgeni naye huleta kitu: habari, dawa, biashara, au kisingizio cha kuchinja kuku ambaye watoto wa nyumba wangemsubiri hadi sikukuu.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya mafuriko ya mwaka 1968. Serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bondeni na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa kwenye nyanda za juu, mradi uliojulikana kama Operesheni Rufiji. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika zikapangwa kwa mistari, na mgeni akawa na mlango mmoja zaidi wa kubisha, ule wa balozi wa nyumba kumi, ngazi iliyoanzishwa na TANU katika miaka ya 1960. Kumtaarifu balozi kuhusu mgeni kulionekana na wengine kuwa upelelezi wa chama. Hata hivyo, kwa umbo lake halikuwa jambo geni. Mji ulikuwa umedai tangu enzi ya Ibn Battuta kujua ni nani aliyelala ndani yake na kwa dhamana ya nani.

Karne hiyohiyo ilileta waendesha baiskeli wa masafa marefu kutoka mbali. Kati ya 1931 na 1936, Kazimierz Nowak wa Poland alivuka Afrika kutoka Tripoli hadi ncha ya kusini na kurudi kaskazini, sehemu kubwa ya safari akiwa juu ya baiskeli. Mwaka 1992 Dervla Murphy wa Ireland, akiwa na umri wa miaka 60, aliendesha kutoka Kenya kupitia Uganda na Tanzania hadi Zimbabwe. Kitabu chake cha mwaka 1993 kilibeba neno la Kiswahili katika jina lake: The Ukimwi Road. Alikuwa amekuja kupumzika, lakini njia nzima watu walimzungumzia maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza. Hilo ni jambo ambalo mpita njia kwa gari hasikii. Mtu humwambia msiba wake yule aliyeketi naye jioni.

Tangu mwaka 2003 kumekuwako pia safari ya pamoja ya kila mwaka ya Tour d'Afrique, kutoka Cairo hadi Cape Town, inayokatisha Tanzania kwa njia ya Arusha na Dodoma. Washiriki wake husindikizwa na magari yenye chakula na mahema. Ni waendeshaji hodari, lakini kwa kipimo cha Kiswahili wanafika bila kufikia. Kinyume chake ni jumuiya ya Warmshowers, iliyoanzishwa Amerika ya Kaskazini mwaka 1993, ambamo waendesha baiskeli hulazana bure majumbani. Kwa njia ya intaneti, mgeni na mwenyeji hujulishana mapema, na kila mmoja huacha ushuhuda kuhusu mwenzake. Ulimwengu wa magari umelazimika kubuni upya, kwa mashine, kile ambacho kibaraza kilikifanya kwa macho ya wapita njia.

6.0 Daraja, Simba na Pikipiki

Kwa miaka mingi aliyekwenda kusini kwa njia ya pwani alivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu. Mto ulipojaa au chombo kilipoharibika, wasafiri walilala ng'amboni, na vijiji vya jirani vikawa vya kuwalaza. Daraja la Mkapa, lenye urefu unaokaribia kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003. Faida yake kwa mikoa ya Lindi na Mtwara haina mjadala. Lakini daraja lilimwondolea msafiri usiku wa Ndundu, na pamoja na usiku huo likamwondolea sababu ya kuwa na mwenyeji.

Miaka hiyohiyo ilikumbusha kwa nini kulala njiani bila kubisha hodi ni hatari. Kati ya 2002 na 2004, simba aliyepachikwa jina la Osama aliua zaidi ya watu 30 katika wilaya ya Rufiji kabla ya kuuawa. Mwendesha baiskeli aliyekutwa na giza katika wilaya hiyo hakuwa akiomba starehe alipoomba kibaraza. Alikuwa akiomba uhai.

Kisha ikaja pikipiki. Jina lake la mtaani, bodaboda, lilizaliwa na baiskeli. Tangu miaka ya 1960 wapanda baiskeli wa Busia walibeba abiria na mizigo baina ya mpaka wa Kenya na wa Uganda, wakinadi "boda, boda". Pikipiki ilirithi jina, lakini haikurithi mwendo. Iliweza kuingia kijijini usiku na kutoka kabla hapajakucha, bila kushuka, bila hodi, bila kibaraza.

Uzito wa jambo hilo ulionekana katika mauaji yaliyozikumba wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Kibiti ilikuwa wilaya changa, iliyotengwa na Rufiji mwaka 2015. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa mmoja baada ya mwingine, wengi wao majumbani mwao au karibu nazo. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kushambuliwa wakiwa ndani ya gari lao. Hadi katikati ya mwaka huo idadi ya waliouawa ilikuwa imepita 30. Wauaji waliripotiwa kutumia pikipiki, na mwezi Mei polisi walipiga marufuku pikipiki kutembea usiku katika eneo hilo.

Hapa ndipo tofauti na mwaka 1905 inapojitokeza kwa ukali. Mnong'ono wa njwiywila ulimficha mgeni asionwe na dola, lakini mwenyeji alimjua. Katika mauaji ya Kibiti, aliyefichwa jambo ni mwenyeji mwenyewe. Waliouawa walikuwa hasa wenye mji kwa maana ya neno lenyewe: mwenyekiti wa kijiji, wa kitongoji, mtendaji, watu ambao kazi yao ni kumjua aliyelala kijijini na kwa nani. Kumuua mtu huyo ni kulinyamazisha swali "Umefikia kwa nani?" Na kijiji kisichoweza kuuliza swali hilo kina njia mbili tu: kumwogopa kila apitaye au kutomjali yeyote. Zote mbili ni kifo cha ukarimu.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonya dhidi ya usemi mwepesi kwamba watu wa pwani ni wakarimu kwa asili yao. Usemi huo unawasifu na papo hapo unawanyima sifa wanayostahili, kwa sababu unaugeuza kuwa tabia kile ambacho kilikuwa kazi. Ukarimu wa Rufiji ulijengwa kwa hodi, kibaraza, shahidi, siku tatu na jembe. Ulidumu pale ambapo mgeni alikubali kuonekana na mwenyeji alikubali kuwajibika. Baiskeli iliutumikia utaratibu huo kwa karibu karne nzima kwa sababu humleta mgeni polepole, akiwa na vumbi na kiu, akionekana tangu mbali, na mwenye kumhitaji mtu kabla ya giza.

Kwa wanafunzi wa lugha liko jukumu mahususi. Maneno kama kufikia, mwenyeji, dago na dungu yanaweza kuandikwa katika kamusi kwa maana ya mstari mmoja, na maana hiyo isiwe na kosa, ilhali utaratibu uliobebwa na maneno hayo ukabaki nje. Utafiti katika vijiji vya Mbwara, Kibiti na delta, ukifanywa na watu walio tayari kwenda polepole na kulala njiani, unaweza kuukusanya utaratibu huo ungali midomoni mwa wazee wanaoukumbuka.

Swali la "Umefikia kwa nani?" limekuwa, kwa karne nyingi, ulinzi na ukaribisho kwa wakati mmoja. Anayeulizwa hana sababu ya kukasirika. Ameonekana, na anayemuuliza, akikosa kusikia jina la mwenyeji, mara nyingi humaliza kwa kumwonyesha mgeni mlango wake mwenyewe.